Zimamoto wa kujitolea wa miji midogo ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayehamia mji mdogo wa Marekani akitokea Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu hushangaa mapema: king'ora kinalia, na wanaokimbilia gari la zimamoto ni fundi bomba wa mtaani, mwalimu na mwenye duka la vipuri. Hawalipwi mshahara. Maswali haya yanahusu walikotoka watu hao na kwa nini wanafanya kazi namna wanavyofanya. Jambo moja litajirudia karibu kila mahali, nalo ni maji: yako wapi, nani anayaleta, na yatafika kabla nyumba haijateketea?

Kabla ya kuwa na vikosi, moto ulizimwaje?

Kwa ndoo na kwa kubomoa. Watu walijipanga mistari miwili kutoka kisimani au mtoni hadi motoni. Mstari mmoja ulipitisha ndoo zilizojaa, mwingine ulirudisha tupu, na huu wa pili mara nyingi ulikuwa wa wanawake na watoto. Ndoo zilikuwa za ngozi iliyoshonwa, kwa kuwa ya mbao hupasuka ikirushwa chini. Zilikuwepo pia kulabu kubwa zenye mipini mirefu za kuvutia paa na kuta chini, ili moto ukose njia ya kuendelea.

Sheria nazo zilitangulia vikosi. Mwaka 1631 Boston ilipiga marufuku mapaa ya nyasi na mabomba ya moshi ya mbao. Mwaka 1648 New Amsterdam, ambayo sasa ni New York, iliteua wakaguzi wa mabomba ya moshi, na faini walizotoza zikagharimia ndoo, ngazi na kulabu.

Nani alianzisha kikosi cha kwanza cha kujitolea?

Jina linalotajwa sana ni Benjamin Franklin, aliyeanzisha Union Fire Company huko Philadelphia tarehe 7 Desemba 1736. Boston ilikuwa imeshaagiza pampu ya mkono kutoka Uingereza katika miaka ya 1670 na kuwalipa watu wa kuiendesha, kwa hiyo si sahihi kumwita Franklin mwanzilishi wa zimamoto yote ya Marekani. Alichokiacha ni muundo: chama cha wanachama 30 hivi, chenye katiba, mkutano kila mwezi na faini kwa asiyefika. Kila mwanachama alinunua ndoo zake za ngozi na mifuko yake kwa fedha zake. Chama kilipojaa, waliobaki walihimizwa waunde chao. Muundo huo wa katiba, mikutano ya mwezi, faini na daftari la kumbukumbu ndio ulioenea kijiji hadi kijiji, na ukifungua daftari la kikosi cha mashambani cha miaka 150 baadaye utaukuta karibu vilevile.

Mifuko ilikuwa ya nini? Na kwa nini makumbusho yao huonyesha ufunguo wa kitanda?

Ya kuokolea mali. Wanachama wa kwanza walijua kwamba kwa ndoo peke yake nyumba iliyoshika vizuri haizimiki, kwa hiyo nusu ya kazi ilikuwa kutoa vitu nje na kuvilinda dhidi ya wezi. Kitanda kilikuwa miongoni mwa vitu vya thamani kubwa nyumbani, nacho kilikazwa kwa boliti. Mtu mmoja aliingia na ufunguo wake, akakifungua na kukitoa vipandevipande.

Pampu ya mkono ilifanyaje kazi?

Wazia sanduku lililowekwa juu ya magurudumu, ndani yake silinda mbili za shaba zenye pistoni. Kila upande wa sanduku kuna mpini mrefu unaoshikwa na watu kadhaa. Upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda, na pistoni hupokezana kusukuma. Kati ya silinda hizo kuna tungi lililofungwa lenye hewa. Maji yakiingia yanaibana ile hewa, nayo huendelea kuyasukuma wakati pistoni zinageuka, hivyo maji hutoka mfululizo badala ya kuruka kwa mishtuko. Richard Newsham wa London alipata hataza ya mashine ya aina hii katika miaka ya 1720, na New York iliagiza mbili mwaka 1731.

Mwanzoni mashine hizi hazikunyonya maji. Sanduku lilijazwa kwa ndoo, kwa hiyo mstari wa ndoo ulibaki palepale, ila sasa uliishia kwenye pampu. Kasi ya kawaida ilikuwa kama mapigo 60 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mtu mwenye nguvu huishiwa pumzi baada ya dakika chache, ndiyo maana mashine kubwa zilihitaji makumi ya watu, wengine wakisukuma na wengine wakisubiri zamu.

Hitilafu ya kawaida ilikuwa ngozi. Vikombe vya pistoni vilikuwa vya ngozi, na pampu ikikaa wiki kadhaa bila kutumika ngozi ilikauka, ikasinyaa, na pistoni ikapitisha hewa. Mazoezi ya kila mwezi, ambayo watu wa mjini waliyaona kama gwaride, yaliwafundisha wanachama na papo hapo kulowesha zile ngozi. Mipira ya maji nayo ilikuwa ya ngozi. Iliyoshonwa kwa uzi ilipasuka kwenye mshono shinikizo likipanda, hadi mafundi wa Philadelphia walipoanza kuifunga kwa ribiti za shaba karibu mwaka 1808. Kipande cha mita 15 kiliweza kufika kilo 40, na kilitakiwa kupakwa mafuta mara kwa mara ili kisikauke na kupasuka.

Kwa nini miji mikubwa iliacha kujitolea na midogo haikuacha?

Mashine ya mvuke ndiyo iliyowatenganisha. Tarehe 1 Aprili 1853 Cincinnati ilianza kikosi cha kulipwa kikiwa na pampu ya mvuke iliyovutwa na farasi. Vikosi vya kujitolea vya miji mikubwa vilikuwa vimefika pabaya: vilishindana nani afike kwanza, na mara nyingine vilipigana ngumi huku nyumba ikiwaka. Mvuke ulifanya kazi ya makumi ya watu wa mipini kwa watu wachache tu, lakini ulihitaji fundi wa bela (tangi la kuchemshia maji hadi yatoe mvuke), farasi na mtu wa kukaa kituoni usiku na mchana. New York ilifuata mwaka 1865.

Mji wa watu 800 haukuweza kuwalipa watu hao, na huenda ulipata moto mkubwa mara mbili kwa mwaka. Wao walinunua pampu za mkono ambazo miji mikubwa ilikuwa inaziuza kwa bei ya chini. Ndiyo sababu utaikuta mashine iliyotengenezwa Boston ikiwa kwenye kituo cha kijiji kilichoanzishwa miaka 40 baada ya mashine yenyewe kutengenezwa. Isikuchanganye.

Mji usio na mabomba ya maji ulifanyaje?

Ulinunua gari la kemikali. Historia nyingi hulipita haraka, nasi tunaona si haki, kwa sababu kuanzia miaka ya 1870 hadi ya 1920 ndilo lililookoa miji midogo mingi.

Ni tangi lililofungwa, lenye maji yaliyochanganywa na sodiamu baikaboneti. Juu yake kuna chupa ya asidi ya sulfuriki, ile inayotiwa kwenye betri za gari. Asidi ikimwagwa ndani, gesi ya kaboni dioksidi hutoka kwa wingi, shinikizo hupanda, na maji husukumwa nje kupitia mpira mwembamba. Hakuna wa kusukuma mpini, hakuna kusubiri bela ichemke. Kizimamoto cha mkono cha mfumo huohuo kilikuwa cha lita 9.5: gramu 680 za baikaboneti na kama mililita 120 za asidi. Ulikigeuza kichwa chini, kikaanza.

Ubaya wake ni kwamba kikishaanza hakisimami hadi kiishe, hata kama moto umezimika kwa lita mbili za kwanza. Asidi ilikula chuma polepole kwa ndani, mahali pasipoonekana, na mpira ukiziba tangi chakavu liliweza kupasuka. Utengenezaji wa vizimamoto vya kugeuza kichwa chini ulikoma Marekani mwaka 1969. Ukikuta kimoja kwenye duka la vitu vya kale, usijaribu kukijaza.

Vituo vya zamani vina mnara. Ni wa kengele?

Kengele ilikaa juu, lakini mnara ulijengwa hasa kwa ajili ya mipira. Baada ya ngozi ilikuja mipira ya pamba iliyowekwa raba ndani, na pamba ikikunjwa ikiwa mbichi huoza. Baada ya kila moto mipira iliogeshwa, ikavutwa kwa kamba na kapi hadi juu ya mnara, ikaachwa ining'inie hadi ikauke. Kikosi makini kilikuwa na seti mbili: moja garini, moja mnarani. Mipira ya nyuzi za kisasa haiozi hivyo, na vituo vipya vingi havina mnara.

Watu waliitwaje kabla ya simu?

Kwa kengele ya kanisa, kwa honi ya kiwanda, au kwa duara la chuma la gurudumu la treni lililotundikwa kwenye nguzo na kugongwa kwa nyundo. Duara hilo lilikuwa rahisi kuliko kengele na sauti yake ilifika mbali. Baadaye opereta wa simu wa mji aliwasha king'ora cha juu ya paa, kisha zikaja redio ndogo za nyumbani na vifaa vya kuvaa kiunoni. Namba ya dharura ya Marekani, 911, yenyewe ilizaliwa mji mdogo: simu ya kwanza ilipigwa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968.

Kwa nini wazee wa vikosi hutaja Baltimore kila mara?

Kwa sababu ya viungio vya mipira. Tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katikati ya Baltimore, ukawaka zaidi ya siku nzima na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500. Vikosi vilikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na New York, vikashuka na mipira yao, na vingi vikakuta viungio vyao havishiki kwenye haidranti za Baltimore, yaani mabomba ya barabarani ya kuchotea maji ya kuzimia moto. Maji yalikuwepo, watu walikuwepo, mipira ilikuwepo, na bado walisimama.

Baada ya hapo ilibainika kwamba nchi ilikuwa na aina zaidi ya 600 za viungio. Kiwango cha kitaifa kilichopitishwa kwa mpira wa inchi 2½ ni meno 7½ ya kukazia kwa kila inchi. Miji ilichelewa kukifuata, kwani kubadili haidranti zote ni gharama. Hadi leo gari la kikosi cha mji mdogo hubeba kisanduku cha viungio vya kubadilishia, kila kimoja kikiwa na alama ya mji jirani. Anayekagua gari kila wiki anapaswa kuvihesabu na kuvijaribu kwa mkono, maana kiungio kilichoangushwa sakafuni mara moja kinaweza kupinda kidogo tu na kukataa kushika usiku wa kazi.

Leo nyumba ya shambani ikiwaka na hakuna haidranti, maji hutoka wapi?

Gari la kwanza hufika na maji yake, kwa kawaida karibu lita 3,800. Mpira mmoja wa kushambulia moto hutumia kama lita 570 kwa dakika. Gawanya: una dakika zisizofika saba. Katika muda huo kikosi kinatakiwa kiwe kimekunjua beseni kubwa la turubai lenye fremu ya chuma kando ya gari, na boza la kwanza liwe limelimwagia maji. Gari hunyonya kutoka humo, na maboza huanza kuzunguka kati ya beseni na bwawa au mto ulio karibu.

Hesabu ya mzunguko ndiyo inayoamua vita. Boza la lita 11,000 likitumia dakika 20 kujaza, kwenda, kumwaga na kurudi, linakupa lita 550 kwa dakika, yaani pungufu kidogo ya mahitaji ya mpira mmoja. Ukitaka mipira miwili unahitaji zaidi ya maboza mawili, na hapo ndipo vikosi vya miji jirani vinapoitwa mapema, siyo baada ya kuona hali imekuwa mbaya. Mara nyingi muda haupotei barabarani. Hupotea mahali pa kujazia: pampu ndogo, njia ya matope, au maboza mawili yanayosubiriana kwenye geti moja. Kuendesha boza nako kuna hatari yake. Maji yasipogawanywa na kuta za ndani za tangi husukasuka kwenye kona na kulipindua gari.

Pampu inanguruma lakini hainyonyi. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni hewa. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa kwenye mpira mgumu wa kunyonyea, na uzito wa hewa ya nje unayasukuma maji yapande. Kwa hiyo:

- Kagua gasketi ya kila kiungio cha mpira wa kunyonyea. Punje ya mchanga inatosha kuingiza hewa.
- Zamisha chujio kama sentimita 60 chini ya uso wa maji, na liwe mbali kiasi hichohicho na tope. Likiwa juu sana utaona kizingia cha maji, na kupitia hapo hewa inaingia.
- Hakikisha mpira hauna sehemu iliyopanda juu kuliko pampu. Hewa hujikusanya hapo.
- Funga valvu zote za kutolea maji kabla ya kuanza kuvuta.

Kisha kuna kimo. Usawa wa bahari, hata pampu kamili haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3, na kwa vitendo hupangwa mita 6 au 7. Ukipanda nyanda za juu hewa hupungua uzito: kwenye mwinuko wa Arusha kile kikomo cha mita 10.3 hupungua kwa karibu mita moja na nusu, Nairobi karibu mita mbili. Pampu iliyojaribiwa Tanga na kufaulu inaweza kushindwa Arusha kwenye ukingo wenye kimo kilekile bila kuharibika chochote.

Vijiji vingi vya Marekani vimefukia bomba la plastiki la inchi 6 kutoka bwawani hadi kando ya barabara, likiwa na chujio upande mmoja na kiungio upande wa pili. Halina shinikizo wala valvu. Linaokoa dakika nyingi, lakini lazima lisukumiwe maji kwa kinyume kila mwaka, la sivyo tope huziba chujio.

Wakifika nyumba imeshaisha, wana faida gani?

Swali gumu, na linastahili jibu la moja kwa moja. Majaribio ya UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa, yameonyesha kwamba sebule yenye samani za zamani ilichukua karibu nusu saa kufika hatua ambayo chumba chote kinashika moto kwa pamoja. Yenye samani za leo za povu na plastiki ilichukua chini ya dakika tano. Mtu wa kujitolea huanzia kitandani kwake, siyo kituoni. Nyumba ya kwanza mara nyingi haiokoki, na vikosi vyenyewe vinalijua hilo. Kazi yao hapo ni kutoa watu na kuzuia nyumba ya pili isishike. Isitoshe, miito mingi siku hizi si ya moto. Ni ya wagonjwa na ajali za barabarani, na huko kufika dakika kumi kabla ya gari la wagonjwa la wilaya kunaokoa maisha hasa.

Nani analipia?

Zamani wanachama wenyewe, kwa ada, dansi, bahati nasibu na karamu za samaki. Sasa maeneo mengi yana kodi maalumu ya zimamoto, lakini gari jipya hugharimu dola laki kadhaa, kwa hiyo karamu hazijaisha. Bima nayo inasukuma: kampuni za bima hutumia daraja la 1 hadi 10, 1 likiwa bora, na nyumba iliyo zaidi ya maili 5 kutoka kituoni kwa kawaida huangukia 10. Ukiona kijiji kimejenga kituo cha pili kidogo chenye gari moja, tazama ramani ya maili 5 kwanza.

Kwa nini wanapungua?

Mwaka 1984 walikuwa karibu 900,000 nchi nzima. Mwaka 2020 walikuwa karibu 677,000. Watu hufanya kazi miji ya mbali, kwa hiyo saa nne asubuhi mjini hakuna mtu. Mafunzo ya msingi katika majimbo mengi yanazidi saa 100. Na vijana wanahama. Bado wao ni takriban theluthi mbili ya wazimamoto wote wa Marekani.

Mhamiaji anaweza kujiunga?

Mara nyingi ndiyo, ingawa kila kikosi kina masharti yake. Kawaida huulizwa umri wa miaka 18, leseni ya udereva, kibali halali cha kuishi nchini, uchunguzi wa afya na wa rekodi ya polisi. Nenda usiku wa mazoezi, siyo mchana, maana mchana kituo huwa kimefungwa. Anayezungumza Kiswahili mahali penye wakimbizi kutoka Congo au Burundi ana thamani kubwa mlangoni kwa mama anayejaribu kueleza mtoto wake yuko chumba gani.

Je, Tanzania na Kenya zina mfumo kama huu?

Hapana. Tanzania Bara ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa sheria ya mwaka 2007, na namba yake ni 114. Zanzibar ina kikosi chake. Kenya, Katiba ya 2010 imewapa kazi hiyo serikali za kaunti.

Nataka kuandika historia ya kikosi cha mji wangu. Nianzie wapi?

Anza na ramani za Sanborn. Kampuni hii, iliyoanza mwaka 1867, ilichora maelfu ya miji kwa ajili ya bima, na nyingi ziko wazi mtandaoni kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Rangi ya waridi ni tofali, njano ni mbao, samawati ni jiwe. Kwenye ukurasa wa kwanza tafuta maelezo mafupi ya maji na zimamoto: watu wangapi, pampu ngapi, futi ngapi za mpira, maji yanatoka wapi. Linganisha toleo moja na linalofuata, utaona haidranti zikiongezeka na banda la pampu likihama.

Kisha omba daftari la kumbukumbu za mikutano. Soma kurasa za fedha kabla ya hotuba, kwa sababu risiti ya mpira au ya farasi aliyekodiwa ina tarehe ya kuaminika. Piga picha kibao cha mtengenezaji kilicho kwenye kila mashine, chenye namba yake.

Kuwa mwangalifu na mwaka ulioandikwa kwenye beji. Unaweza kuwa mwaka wa mkutano wa kwanza, wa kusajiliwa na jimbo, wa kununua pampu, au wa kufungua jengo, na miaka hiyo huweza kupishana kwa kumi na zaidi. Andika yote minne, kila mmoja na ushahidi wake, na uwaachie wanachama waamue upi wa kusherehekea.